Saini Chini ya Ukurasa Mtupu

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa keki, shati jipya na kazi ya nyumbani. Keki tuliimaliza pale pale, shati linanibana kidogo, imebaki kazi. Susan, aliyechukua kiti changu mbele ya redio, ndiye aliyesema: "Mzee Wani, andika vile hii kazi ilikuwa zamani, sisi tutasoma." Nimejaribu mara tatu na mara tatu nimechana. Niliishia darasa la sita, huko Kitale tulikokimbilia, na sina hakika kama mtu wa darasa la sita anaweza kueleza jambo refu bila kupotea njiani. Daftari la siku zangu ninalo tangu ujana, lakini lile najiandikia mwenyewe, na mimi hujisamehe haraka. Ninyi sijui.

Niliingia kwenye redio kwa sababu ya kuinua mkono. Tulikuwa makurutu msituni, tumepangwa juani, afisa akauliza nani anajua Kiswahili. Nilidhani wanatafuta mtu wa kuvuka mpaka kununua unga, na nilikuwa na njaa, basi nikainua. Kumbe wanatafuta opereta. Adui, jeshi la serikali, alikuwa akisikiliza masafa yetu. Kiarabu alikijua kutushinda, na kwa lugha zetu za nyumbani alikuwa na watu wa kumtafsiria, ila kwa Kiswahili wakati ule hakuwa na mtu. Kwa hiyo vita vyetu, upande wa hewani, vilipiganwa kwa Kiswahili cha Kitale na cha Gulu, na mara nyingine kwa Kiswahili ambacho hakina kwao.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Mganda, Mwalimu Otim, mtu mfupi mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi. Siku ya kwanza alinivalisha visikilizio, akafungua redio, akaniambia niandike ninachosikia. Niliandika nusu ukurasa. Akasoma, akanitazama masikio yote mawili kwa zamu.

"Wewe iko na masikio ama iko na vikombe?"

"Nimeandika nilivyoelewa, Mwalimu."

"Nani alikuuliza kuelewa? Andika kwanza. Hii akili yako iko ya baadaye."

Alinifundisha mambo ambayo leo simu zenu zinajua zenyewe. Kukata waya wa antena kwa kipimo cha masafa, na kuufunga juu kabisa bila kugusa majani. Kuongeza maji ya mvua kwenye betri ya lori, kamwe si ya mto. Kukung'uta sisimizi kwenye kipaza sauti kila asubuhi, maana wanapenda joto lake. Kuandika kwa penseli, siyo kalamu ya wino, kwa sababu mvua husoma wino kabla ya kamanda. Na kila ujumbe uwe na ukurasa wake: saa, aliyetuma, maneno yenyewe, na chini kabisa saini ya kamanda kwamba ameuona. "Kama saini hapana," alisema, "huu ujumbe hapana zaliwa." Nilimpenda kama baba mdogo. Homa ilimchukua mwaka wa pili, na koti lile alizikwa nalo.

Nilipelekwa kambi moja ya mtoni, chini ya Kamanda Gabriel. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuwa ameacha. Alikuwa akinirekebishia nukta kwenye ujumbe wa risasi. Nyuma ya tukul yake, ile nyumba yake ya nyasi, alipanda bamia, na kila jioni alipokuja kwangu kusikia habari alileta mbili tatu mfukoni. Jina langu hakulitumia, aliniita kwa Kiarabu chetu. "Ya Redio," yaani ewe Redio, alikuwa akisema, "dunia inasemaje?" Mimi nasimama wima, "Afande, dunia inaomba chumvi." Maana nusu ya ujumbe ulikuwa chumvi, viatu, na nani amezaliwa.

Sasa hapa niandike polepole. Redio ilikuwa juu mwinuko kwa ajili ya antena. Tukul ya kamanda ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa ndege, ule wa udongo, karibu nusu saa kwa mguu, na kurudi nusu saa nyingine. Kila nikienda kutafuta saini, redio inabaki peke yake. Nikibaki na redio, ujumbe haujasainiwa. Wiki ya tatu kamanda alichoka.

"Lete hilo daftari." Akatoa kalamu yake ya wino, akasaini kurasa kumi tupu, chini kabisa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda mbegu. "Za chumvi na viatu andika humu. Ya moto, unakimbia kwangu. Tamam?"

"Na nikikosea, Afande?"

"Utakosea nini? Chumvi ni chumvi."

Kumi zikiisha, anasaini nyingine kumi. Baadaye, nilipokutana na maopereta wa kambi nyingine, niliwauliza. Wengi walicheka tu, wakajua ninachosema. Siandiki hivi ili kujitetea. Labda naandika hivi ili kujitetea.

Kwenye kilima cha kaskazini tulikuwa na watu wa kutazama barabara, wana redio ndogo. Katika wiki mbili waliniita mara tatu kwamba wanaona vumbi kubwa. Mara zote nilikimbia kwa kamanda. Mara ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Mara ya pili ilikuwa upepo. Mara ya tatu ng'ombe tena, na kamanda, aliyekuwa na homa, alinitazama kutoka kitandani akasema bila ukali, "Ya Redio, utaniua kabla ya adui." Nilicheka. Yeye pia alicheka. Wiki hiyohiyo makao makuu walikuwa wamechukua kikosi chetu chenye mizinga wakakipeleka kwingine. Kamanda alilalamika mara mbili, na malalamiko yote mawili nilituma kwa mdomo wangu mwenyewe. Jibu lilikuwa "tumepokea".

Basi mara ya nne. Saa nane mchana. Kilima kinasema: vumbi kubwa kaskazini, magari hayahesabiki, yanaingia kwenye miti na kusimama. Nilifungua daftari, ukurasa uliofuata ulikuwa wa mwisho kati ya zile zilizosainiwa. Ujumbe ulikuwa mrefu, nikabana herufi. Nikauliza, "Si ng'ombe?" Wakasema hawajui, jua liko machoni. Nikautuma makao makuu. Wakanijibu, "Hilo ni vumbi lenu la kila wiki." Niwatendee haki, siku ile walikuwa na kambi nyingine mbili chini ya moto, nilizisikia mwenyewe zikiita. Nami nikajiambia kamanda atakuja jioni na bamia zake, nitamweleza. Jioni ile hakuja. Alikuwa amekaa na askari mgonjwa. Kusema kweli ningeweza kwenda. Nusu saa tu.

Walitupiga alfajiri, kutoka kwenye miti ileile. Sitaeleza. Waliokuwepo hawahitaji, na wasiokuwepo hawatasaidika. Tuliwapoteza watu kumi na tisa. Mimi nilipigwa mguuni, nikavushwa hadi hospitali upande wa Kenya, nikakaa miezi mitano.

Niliporudi kesi ilikuwa imeisha. Tume ilikuwa imefungua daftari, ikakuta onyo la saa nane, na chini yake saini ya Kamanda Gabriel. Kamanda aliona, kamanda alilala. Walimvua cheo, wakampeleka kulinda ghala. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nimejiambia maneno hayo kwa zaidi ya miaka thelathini: hakuna aliyeniuliza. Ni kweli kabisa, na hayajanisaidia hata siku moja.

Amani ilipokuja nikashuka Juba, nikaingia kwenye chumba chetu kile cha redio cha malori ya misaada. Miaka ile mnaijua, wengine mlikuwepo. Kuongoza dereva aliyekwama matopeni kwa sauti tu, huwezi kumwona, unamuuliza rangi ya maji. Kumzuia dereva kulia hewani. Mlikuwa mkinicheka kwa jambo moja. Meneja alipenda kusaini fomu za safari Jumatatu, za wiki nzima, tupu. Mimi nilizikataa. Kila safari nilikwenda mlangoni kwake na fomu iliyojaa, nasimama hadi asome. Mkaniita Mzee wa Saini. Hamkuniuliza kwa nini, na mimi, mnaona sasa, sikuwa mtu wa kujibu asichoulizwa.

Na mjadala haukuisha. Kwenye vibanda vya chai vya mtaa wa Jebel, kwenye misiba, ndani ya chumba chetu cha redio malori yakisubiri mvua ipite, watu walipigania kambi ya mtoni upya. Wengine: Gabriel alilalia onyo. Wengine: makao makuu walimwachia kambi bila mizinga, hata angeamka angefanya nini? Wote walikuwa na sehemu ya ukweli, na sikuona mtu mbaya kati yao. Mimi nilijifanya natafuta masafa.

Siku ya keki ndipo ulipochemka. Dereva mmoja alisema mwaka huu Gabriel ameomba, kwenye ibada ya kuwakumbuka wale kumi na tisa, asome majina yao yeye mwenyewe. Alikuwa akiomba kila mwaka na familia zikikataa, hasa Mama Pitia wa Kator, ambaye mwanawe alikuwa kwenye handaki la mbele. Sasa Gabriel ni mzee, macho yanaisha, huenda hataomba tena.

"Aii, asome na uso gani?" Susan alisema, keki mkononi. "Si huyo boss alisaini? Sign ni sign."

"Pengine kuna maelezo," nikasema.

"Mzee Wani, wewe kila mtu kwako ana maelezo. Hata yule dereva aliuza tairi ulisema ana maelezo."

"Alikuwa nayo."

"Haya. Huyu ana gani?"

Chumba kizima kilinigeukia, wamecheka tayari. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Nikasema chai inapoa.

Kesho yake nilipanda boda hadi Lemon Gaba, anakoishi kamanda. Nilimkuta chini ya rakuba, kivuli chake cha nyasi, anamenya vitunguu kwa kupapasa. Alinijua kwa hatua, kwa huu mguu.

"Ya Redio! Uko hai?"

"Niko, Afande. Nimestaafu."

"Kwa hiyo sasa ndiyo una nafasi ya kunisalimia."

Ilinichoma, na ilikuwa haki. Nikakaa. Nikasema nitakwenda kwenye kikao cha familia, nieleze habari za kurasa tupu. Alichukua kitunguu kingine.

"Hapana."

"Afande, mbele ya tume ulijua kwamba hukuuona ule ujumbe. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Wangeuliza, basi nani aliuficha? Na wewe ulikuwa kitandani mguu umefungwa, huwezi hata kukimbia. Siku zile walikuwa na hasira. Wangekupiga risasi."

Sijui kama wangenipiga risasi. Pengine viboko na jela. Lakini yeye aliamini hivyo, na kwa imani hiyo alilinda ghala miaka minane.

"Tena," akasema, "nilisaini. Mtu akisaini karatasi tupu, amesaini kila kitakachoandikwa. Nilikuwa mwalimu, nilipaswa kujua. Usiende. Hiyo ni amri."

Nilikula naye, nikaondoka. Nilitaka kuandika hapa kwamba ndiyo amri yake pekee niliyowahi kuivunja, lakini si kweli. Aliniambia pia ya moto nikimbie.

Kikao kilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa Kator, familia kwanza, kisha ibada hapo hapo. Mwenyekiti, askari wa zamani, alikuwa na ule ukurasa wenyewe ndani ya plastiki. Umeonyeshwa kila mwaka. Ulipita mkono kwa mkono na watu walitikisa vichwa. Kamanda alikuwa nyuma kabisa na fimbo yake. Nilipoinua mkono nilisahau hata kujitambulisha, mimi ambaye nimekula kwa sauti maisha yangu yote.

Nikaomba ukurasa. Nikawaonyesha. Ujumbe ni penseli, saini ni wino. Hilo wengi waliliona, wakadhani si kitu. Lakini tazameni mstari wa mwisho. Ujumbe ulikuwa mrefu, nafasi ikaniishia, na maneno "kwenye miti na kusimama" yamepanda juu, yamezunguka saini, yakashukia upande wa pili, kama mtu anayekwepa dimbwi. Huwezi kukwepa kitu ambacho hakipo. Saini ilitangulia. Kamanda hakuusoma ujumbe huu. Niliyeusoma ni mimi, saa nane mchana, na sikwenda.

"Redio, kaa chini," alisema kamanda kule nyuma.

Sikukaa. Nikawaeleza ng'ombe, upepo, makao makuu, jioni ambayo hakuja, nusu saa, na kwamba kamanda alinyamaza mbele ya tume akiogopa nitapigwa risasi. Nilijaribu kumpa kila mmoja kipimo chake, na nikahofia kwamba changu nakipunguza, kwa hiyo nikarudia kukisema. Mwanamume mmoja wa mbele alisimama akaniita muuaji. Ndugu yake yumo kwenye wale kumi na tisa. Naliandika neno lake hapa kwa sababu lilisemwa, na ana haki nalo.

Kamanda akaja mbele kwa fimbo, watu wakimpisha. "Anachosema ni kweli," alisema. "Lakini kurasa zile nilizisaini tupu kwa sababu sikutaka kusumbuliwa. Hilo ni kosa, na ni la kamanda, si la opereta. Msilitoe kwangu mkampa huyu."

Ndipo ubishi ukaanza upya, kana kwamba haujawahi kuwepo. Makao makuu! Kamanda! Huyu wa redio! Mwenyekiti alipiga meza hadi mkono ukamuuma. Mama Pitia alikuwa amekaa muda wote akishika ule ukurasa. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na anapovuta pumzi ili aseme watu hunyamaza kabla hajaanza.

"Wewe," akaniambia. "Siku ile ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili, mama."

"Pitia alikuwa na ishirini." Akautazama ukurasa tena. "Miaka yote hii nilikuwa na mtu mmoja wa kumlaumu. Nilimzoea. Leo mmeniletea watatu, na mmoja ni ofisi nzima. Nitaanzia wapi, na magoti haya?"

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Yeye mwenyewe alitabasamu kidogo, upande mmoja.

"Sijasamehe mtu," akasema. "Mniandike hivyo. Lakini huyu mzee alinyamaza ili mtoto wa mtu mwingine asiuawe. Mama yake huyu wa redio alirudishiwa mtoto. Hilo nalo mliandike. Asome."

Mwenyekiti akauliza familia nyingine. Wengine waliinua mkono, wengine hawakuinua, yule wa mbele alitoka nje. Walioinua walikuwa wengi zaidi, si sana.

Wakampa kamanda orodha. Aliiweka karibu na jicho la kushoto, akaisogeza mbali, na tukaelewa kwamba haoni hata herufi moja. Akaikunja akaitia mfukoni. Alikuwa nayo kichwani. Alisoma kumi na mmoja kwa sauti ya darasani, jina, la baba, kijiji, bila kukosea. Wa kumi na mbili alikuwa Pitia. Hapo sauti ikamshuka, likatoka nusu.

"Sikusikia," alisema Mama Pitia.

Akalisema tena, bado chini.

"Rudia. Mimi ni mzee, sisikii vizuri."

Kamanda alinyoosha mgongo, akaegemeza fimbo kwenye meza, akalisema jina la Pitia lote, la baba na la kijiji, kwa nguvu hadi wauza chai waliokuwa nje wakageuka.

"Kalas, basi," akasema Mama Pitia. "Bado saba. Endelea."